Majengo ya Balboa Park siyo ya Wahispania jamani

Kila anayepiga picha pale Balboa Park, ile bustani kubwa ya jiji la San Diego, California, Marekani, lazima aandike chini yake "majengo ya kale ya Wahispania", na wa kumwambia hayupo. Haya basi. Mtindo ule ni ufufuo wa ujenzi wa kikoloni wa Kihispania, yaani Wamarekani wa karne ya 20 wanaiga makanisa na majumba ya Hispania na Mexico ya zamani. Maana yake ndo hiyo, imeisha.

Kinachochanganya watu ni hilo "kikoloni", wakilisikia wanadhani ni tarehe. Hispania ilishapoteza California tangu 1821, ikashika Mexico, na kuanzia 1848 ni Marekani. Majengo haya ni ya maonyesho ya 1915, San Diego inasherehekea Mfereji wa Panama uliofunguliwa mwaka mmoja nyuma, na msanifu mkuu ni Bertram Goodhue, Mmarekani aliyekuwa ameshazunguka Mexico kuchora makanisa ya huko.

Sasa kinachochekesha, Wahispania waliokaa pale kweli wala hawakujenga hivyo! Misheni zao, ya kwanza ilianzishwa hapo hapo San Diego 1769, zilikuwa kuta nene za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa, basi. Halafu angalia mlango wa California Building, moja ya majengo hayo ya 1915, ngao, maua, masanamu ya watu, yamepanda hadi juu hakuna pa kupumulia, na kileleni kasimama Padri Junípero Serra, huyo huyo mwanzilishi wa misheni za kuta tupu. Urembo wa namna hiyo unaitwa churigeresko, kutoka ukoo wa Churriguera, mafundi wa Hispania kina José Benito, ila ulikuja kunoga zaidi Mexico.

Na hiyo "kale" nayo mnh. California Building na daraja la Cabrillo ndo vilikusudiwa kudumu, mengine mengi yalikuwa fremu za mbao na plasta yenye nyuzi, Goodhue mwenyewe alitaka yavunjwe maonyesho yakiisha, wenyeji wakayang'ang'ania mpaka yakaanza kubomoka. Jengo la Casa del Prado unaloliona leo, kwa mfano, limejengwa upya, la 1971.

Kwa hiyo ukiposti we andika tu "mtindo wa Kihispania, 1915", inatosha kabisa, ila ya Casa del Prado kuwa mpole na huo mwaka.