Kupima DNA kwenye kesi ya mauaji ya zamani, maana yake nini hasa?

Hapa Kampala ukitaja DNA watu wanacheka kwanza, sababu tumeizoea kwa mambo ya baba anataka kujua kama mtoto ni wake, unaenda maabara ya serikali Wandegeya halafu unarudi nyumbani na majibu na ugomvi juu. Lakini ina kazi nyingine, kufufua kesi iliyopoa. Yaani mtu aliuawa, polisi wakatafuta wakachoka, faili likaingia kabatini, miaka ikapita, sasa anakuja mtaalamu anasema leteni ile nguo tuipime upya.

Na inafanya kazi kweli. Kule California mwaka 2018 walimkamata Joseph DeAngelo, mzee aliyewahi kuwa polisi, kwa mauaji ya miaka ya 70 na 80. Yeye hakupima kitu, ni ndugu zake wa mbali waliweka DNA zao kwenye intaneti kutafuta ukoo wao tu, wapelelezi wakapanda ule mti wa familia tawi kwa tawi mpaka mlangoni kwake. 2020 akakiri. Ila ujue sampuli ya miaka ile ilikuwa imetunzwa vizuri, na hapo ndipo penye kazi yote, si kwenye mashine.

Angalia ile ya London 1888, muuaji wanayemwita Jack the Ripper. Kuna shali inasemekana ilikuwa karibu na mwili wa Catherine Eddowes, mmoja wa wanawake aliowaua, mtu akainunua mnadani 2007, ikapimwa, 2019 ikatoka ripoti inamnyooshea kidole Aaron Kosminski, kinyozi aliyefia hospitali ya wagonjwa wa akili 1919. Magazeti yakashangilia kesi imeisha. Imeisha wapi bana! Polisi waliandika vitu vya yule mama kimoja kimoja na hiyo shali haimo, halafu imeshikwa na mikono ya watu zaidi ya miaka mia, kila mmoja na jasho lake. Na walichopima ni DNA ya upande wa mama, ile mama anawapa watoto wote na binti naye anawapa wake, kwa hiyo watu wengi sana wanaweza kuwa nayo sawasawa. Ni kama Buganda uniambie aliyebisha usiku ni mtu wa ukoo wa Mmamba (ingawa ukoo wetu unafuata baba), sawa, lakini wa Mmamba wako wangapi?

Tena hata ingekuwa ya Kosminski kweli, DNA inasema ni ya nani, haisemi alifanya nini pale.

Kwetu shida inaanza nyuma zaidi. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa Mahakama Kuu na watu wa Amin, Septemba 1972, na mwili haukuonekana, sasa maabara utaipelekea nini? Labda ndugu wa waliopotea enzi zile watoe mate yao wakiwa bado hai, yatunzwe, ili siku mifupa ikifukuliwa mahali pawe na cha kulinganisha nayo.