Ukuta wa Grug: Woga, Hadithi na Michoro ya Pangoni katika The Croods

Kila ninapoitazama The Croods, filamu ya katuni ya mwaka 2013 iliyoongozwa na Kirk DeMicco na Chris Sanders, macho yangu hayakai sana kwa wanyama wake wa kubuni wala kwenye mbio zisizokwisha. Hurudi kwenye ukuta wa pango. Mimi ni mwanaakiolojia, kuta za mapango ni sehemu ya kazi yangu, na huenda basi napendelea. Hata hivyo nashikilia kwamba maana ya filamu hii imo mle ukutani, wala si katika tafsiri ya haraka ambayo watazamaji wengi huondoka nayo, kwamba baba mwoga alikosea na kijana mwerevu akaja kumfundisha kuishi.

Tuanze na huyo baba. Grug huziba mlango wa pango kwa jiwe kubwa, hulala na jamaa yake wakiwa wamerundikana, na kabla ya usingizi huwasimulia hadithi huku akichora ukutani. Hadithi zake zina paukwa nyingi lakini mwisho ni mmoja tu: mdadisi aliona kitu kipya, akakisogelea, akafa. Watoto hucheka, na ni haki yao kucheka. Lakini mwanzoni mwa filamu binti yake, Eep, ametuhesabia majirani waliokuwapo na jinsi kila jamaa ilivyotoweka: hawa walipondwa na mnyama, wale walimezwa na nyoka, wengine walimalizwa na mbu, wengine na mafua. Imebaki jamaa ya Grug peke yake. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na Grug amesikia vilio vya jirani zake wote. Woga wake ni elimu iliyolipiwa kwa maisha ya watu, na filamu ina uungwana wa kutosha kutoificha bei hiyo.

Kasoro yake iko kwingine. Elimu ile imeganda katika umbo moja la hadithi, kiasi kwamba kijana Guy, mgeni wanayesafiri naye baada ya pango lao kubomoka, anapowasimulia habari za chui milia aliyeruka kutoka ukingoni mwa jabali na asife, wanakodoa macho wakisubiri kifo ambacho hakiji. Hapo ndipo ninapoiona tofauti halisi kati ya Guy na wenyeji wake. Si ubongo. Ni kwamba wao hawajawahi kusimuliwa hadithi ambayo mhusika wake anaiona kesho.

Nalisema hili kwa sababu wengi hupenda kuifasiri filamu hii kama kisa cha Waneandathali, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka, wenye misuli, wanaokutana na binadamu wa aina yetu, mwembamba, mwenye moto na viatu. Filamu yenyewe haisemi hivyo, nami nashukuru. Wazo la mtu wa pangoni aliyeinama na asiye na akili lina historia yake: mwaka 1908 mifupa ya Mneandathali mzee ilipatikana La Chapelle-aux-Saints, Ufaransa, na mwanasayansi Mfaransa Marcellin Boule akamweleza kuwa kiumbe aliyepinda mgongo na magoti; ilipofika mwaka 1957 ndipo wataalamu wa anatomia William Straus na A. J. E. Cave walipoichunguza upya na kuonyesha kwamba mzee yule alikuwa na ugonjwa mkali wa viungo. Mpaka leo watu wa pangoni katika sinema hutembea na maumivu ya mgongo ya babu mmoja. Mwingine, aliyefukuliwa katika pango la Shanidar nchini Iraki, aliishi miaka mingi akiwa na mkono wa kulia uliolemaa na jeraha baya kando ya jicho, maisha ambayo ni vigumu kuyafikiria bila watu wa kumtunza. Kwa hiyo utani wa Grug kuhusu mama mkwe wake asiyekufa hunichekesha, lakini jicho langu humfuata yule bibi safari nzima: hakuna anayemwacha nyuma.

Sasa turudi ukutani. Karibu na mwisho Grug amewarusha wote, mmoja baada ya mwingine, ng'ambo ya bonde lililopasuka, naye amebaki peke yake katika pango jingine na kienge cha moto. Anachora. Safari hii hachori mdadisi anayekufa, anachora jamaa yake nzima ikiwa mikononi mwake. Hakuna wa kuonywa, kwa kuwa hakuna anayetazama.

Mapango ya Sulawesi, Indonesia, yana alama za viganja, na mojawapo ina umri usiopungua miaka 39,900. Mtu aliweka kiganja kwenye jiwe, rangi ikapulizwa juu yake, mkono ukaondolewa, na nafasi yake ikabaki. Katika pango la Gargas, Ufaransa, kuna mkono wa mtoto mchanga ambao haungeweza kutulia ukutani kama mtu mzima hangeushika. Sisi wataalamu tumebishana sana kuhusu maana ya alama hizo, iwe uchawi, uwindaji au ibada. Mchoro wa Grug hausuluhishi ubishi huo, ila hunikumbusha sababu ambayo makala zetu huionea haya: huenda mtu alitaka tu watu wake wabaki naye.

Mpangilio wa matukio yanayofuata nauona kuwa wa makusudi. Mchoro unatangulia, kisha Grug anasikia ganda la kombe la baharini, ambalo jamaa yake huitania, likipulizwa ng'ambo, anadhani watu wake wamo hatarini, na ndipo wazo la kwanza maishani mwake linapomjia. Anachukua lami, ile ile ambayo Guy alimsimulia kuwa iliwaua wazazi wake, anaipaka kwenye mbavu za mnyama mkubwa aliyekufa, ndege wakali wananasa miguu humo, na anapaa nao kuelekea ng'ambo.