Kwa nini chifu huwa mwenyeji lakini DO huwa mgeni?

Ukihudhuria baraza vijijini upande wa Kisumu, tuseme Nyando au Nyakach, utaona jambo lililozoeleka hadi halionekani tena. DO (District Officer, yaani ofisa wa serikali kuu aliye juu ya chifu) anasimama, anasalimia kwa Kiswahili na kusoma tangazo lake kwa Kiswahili. Chifu naye amesimama kando yake, akilitafsiri kwa Kidholuo. Huyu alizaliwa kilomita mbili kutoka pale na kila mtu anamjua mamake. Yule alifika mwaka juzi, na mwakani huenda asiwepo. Wote wawili wameajiriwa na serikali ile ile.

Mpwa wangu aliniuliza siku moja, "Mjomba, mbona chifu lazima awe wa hapa na DO lazima atoke mbali?" Nilimjibu bila hata kuvuta pumzi: mgeni hana ndugu wa kumpendelea, kwa hiyo ni mwadilifu zaidi. Chifu ni mdogo, hata akipendelea hasara ni ndogo. Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyesoma. Baadaye nilikuja kugundua kwamba jibu langu lilikuwa na kasoro, na ilinichukua muda kuiona kwa sababu nusu ya jibu ni kweli.

Ngazi yenyewe haina mambo mengi. Chini kuna mzee wa kijiji, kisha naibu wa chifu, kisha chifu. Juu yao kuna DO, ambaye kwa jina la sasa ni msaidizi wa kamishna wa kaunti, kisha DC (mkuu wa wilaya), ambaye sasa ni naibu kamishna wa kaunti, halafu kamishna mwenyewe. Majina yalibadilika baada ya Katiba ya 2010 na sheria ya 2013, ila ndimi za watu hazikubadilika. Hakuna hata mmoja kati yao aliye chini ya gavana. Matangazo ya kazi ya uchifu hutaka mwombaji awe mkazi wa lokesheni husika. Kuanzia DO kwenda juu, mtu hupelekwa popote nchini na huhamishwa wakati wowote.

Sasa turudi kwenye kosa langu, maana sikulibuni mimi. Ni kosa la kale, lenye ukoo mrefu na wa heshima.

Uchina wakati wa enzi ya Qing, ofisa hakuruhusiwa kutumikia katika jimbo alikozaliwa, wala mahali palipo chini ya li 500 kutoka kwao, yaani zaidi ya kilomita 250. Kwa kipimo hicho mtu wa Kisumu asingepewa kazi hata Nakuru. Miji ya Italia ya karne ya 12 na ya 13 ilikwenda mbali zaidi. Ilipochoshwa na koo zake zilizokuwa zikichinjana, iliajiri mtawala kutoka mji mwingine kabisa, aliyeitwa podestà. Alipewa mkataba wa mwaka mmoja, pengine miezi sita. Katika miji mingi alikatazwa kula na kunywa nyumbani mwa raia, na muda wake ulipoisha hakuruhusiwa kuondoka hadi hesabu zake zikaguliwe. Mtawala wa mji mzima, na huwezi kumkaribisha hata chai! Nimesoma habari za hawa watu kupita kiasi kinachohitajika kwa makala hii, na bado nawaonea huruma.

Hata sheria zetu zina wazo hilo ndani yake. Ibara ya 73 ya Katiba inataka maamuzi ya viongozi yasisukumwe na undugu wala upendeleo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inataka kaunti izingatie kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi ziende kwa watu wasio wa jamii iliyo kubwa pale. (Nakuru ni hadithi nyingine. Katika mji ule, ambao ulikuwa makao ya mkuu wa mkoa wa Bonde la Ufa, ukiuliza mwenyeji ni nani, jiandae kukaa hadi jioni.)

Kwa hiyo jibu langu lilikuwa na mashahidi. Lilikuwa kama fikra ya refa: fainali ya mtaa ikichezwa Kondele, lete refa kutoka Ahero, kwa kuwa hana binamu uwanjani. Ni sawa. Ila sikuwahi kujiuliza ni nani aliyemlipia huyo refa nauli, na ni nani ataamua kama atapewa mechi nyingine.

Hapo ndipo methali ya mbuzi ilipokuja kunisaidia. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake: maneno haya husemwa maofisini kwa kicheko, mara nyingi na mtu anayejiandaa kula. Lakini methali inataja urefu wa kamba tu. Haisemi kigingi kimepigwa wapi, wala haisemi mbuzi ana kamba ngapi.

Mtazame chifu kwa jicho hilo. Ni mbuzi mwenye kamba kumi fupi. Moja imefungwa kanisani kwa mamake, nyingine kwenye chama cha mkewe. Nyingine iko kwenye matanga, ambako asipochanga atasemwa na akichanga kidogo atasemwa zaidi. Nyingine iko kwenye mpaka wa shamba la babake, unaopakana na shamba lenye kesi anayotakiwa kuisuluhisha. Kila kamba inavuta upande wake. Hawezi kumkatalia binamu bila kuvutwa. Lakini, na hii ndiyo sehemu niliyoiruka nilipomjibu mpwa wangu, hawezi pia kumaliza majani ya jirani bila kuvutwa. Akila pesa za mjane, kesho atamkuta mjane huyo kisimani, kesho kutwa kanisani, na akistaafu atamkuta hapo hapo akiwa hana tena kofia ya serikali ya kujifichia.

DO ana kamba moja tu. Ni ndefu sana, na kigingi chake kiko Nairobi, Harambee House, kwenye wizara ya mambo ya ndani. Ukimtazama kutoka kijijini utadhani ni mbuzi aliyefunguliwa, kwa sababu kamba yake inapita juu ya vichwa vyetu na hatuioni. Kupandishwa cheo, kuhamishwa karibu na shule ya watoto, kupelekwa kwenye joto na vumbi: yote huamuliwa upande wa kigingi. Kwa hiyo umbali ulimwondolea jamaa wa kumpendelea, na papo hapo ukamwachia bwana mmoja wa kumridhisha. Bwana huyo akitaka haki, mgeni ni chombo kizuri mno. Akitaka kingine, mgeni ni chombo kizuri vile vile.

Kuna mtafiti aliyefanya kazi ya kuzifuata kamba hizo. Mai Hassan, msomi wa sayansi ya siasa, alikusanya rekodi za uteuzi wapatao 8,000 wa maafisa wa utawala na usalama nchini Kenya katika miaka ya 1990, akaangalia ni nani alipelekwa wapi. Utafiti wake ulichapishwa 2017, na 2020 akatoa kitabu kizima juu ya utawala huu tangu uhuru. Aligundua kwamba maafisa wa kabila la rais walikuwa wakipelekwa kwenye maeneo ambako kura ingeweza kuangukia upande wowote, na maafisa kutoka jamii za upinzani wakiwekwa mbali na maeneo hayo. Katika kitabu anaonyesha kwamba hata ukaribu wenyewe ulitumiwa kwa hesabu: mahali ambapo serikali ilitaka kubembeleza, ofisa mwenye uhusiano na wenyeji alifaa, mahali ambapo ilitaka kukaza mkono, alifaa asiyemjua mtu.

Nikisoma hayo nilikumbuka kwamba sisi tuliokuwa tukisema "DO ameletwa ili asipendelee" hatukuwahi kuuliza ameletwa na nani.

Hata hivyo, tahadhari. Takwimu za miaka ya 1990 zinahusu uchaguzi, na hazisemi kwamba kila barua ya uhamisho ina siasa ndani yake. Watu huhamishwa kwa sababu mwenzao amestaafu, au anaumwa, au nafasi imekaa wazi. Wala kamba kumi za chifu si kinga. Katika mlolongo wa 1988, wapiga kura wa KANU, chama pekee cha wakati ule, walipopanga foleni nyuma ya wagombea wao, maafisa wa utawala ndio waliosimamia hesabu, na kuna mahali foleni fupi ilitangazwa kuwa ndefu mchana peupe. Machifu walikuwemo, wenyeji kabisa, mbele ya majirani zao. Kamba ya Nairobi ikivutwa kwa nguvu, kamba za kijijini hukatika.

Basi mbona chifu asiwe mgeni pia? Jaribio hilo limeshafanywa, na lilifanywa huku huku magharibi. Waingereza walipoingia walimkuta Nabongo Mumia wa Wanga akiwa na ufalme unaoeleweka kwa macho yao, wakamtumia. Mwaka 1909 wakamfanya chifu mkuu, na watu wake wakasambazwa kutawala jamii nyingine za Waluhya: nduguye Murunga akapelekwa kwa Wabukusu, nduguye mwingine Mulama akapelekwa Marama. Kwa Mwingereza wale wote walikuwa watu wa sehemu moja. Kwa Mbukusu, Murunga alikuwa mgeni aliyekuja kudai kodi, na nyuma yake kulikuwa na bunduki za wageni wengine. Malalamiko yalidumu miaka mingi, hadi katikati ya miaka ya 1930 utawala wa Wawanga juu ya majirani zao ukakunjwa na machifu wa kienyeji wakashika nafasi. Hakuna aliyewarudishia watu miaka ile, lakini somo la kiofisi lilibaki: anayegusa mlango wa nyumba lazima ajue nani analala ndani.

Maana kazi ya chifu, ukiiondolea kofia, ni kujua. Kijana anataka kitambulisho: je, ni mtoto wa nani kweli? Mama anataka barua ya kupeleka kwa ofisi fulani: je, mumewe amefariki au yuko Eldoret? Mambo haya hayako kwenye faili lolote. DO angehitaji miaka mitano kuyajua, na kabla hajafika huko atakuwa amehamishwa. Turudi kwenye lile baraza. Nimewahi kumsikia DO akizungumza dakika tano, chifu akatafsiri kwa dakika moja na nusu. Mzee aliyekaa karibu nami akanong'ona, "Hilo la faini amelimeza." DO alikuwa akitikisa kichwa kwa kuridhika.

Kama kujua kuna thamani kiasi hicho, basi kunauzika pia, na hapo ndipo watafiti wanapopishana. India ina maafisa wa utawala ambao baadhi hupangiwa majimbo yao ya kuzaliwa na wengine kupelekwa mbali, kwa hiyo ni rahisi kulinganisha. Guo Xu na wenzake waliwauliza watu wanaowafahamu maafisa hao, wakakuta kwamba walio nyumbani wanaonekana kufanya kazi vibaya zaidi, hasa katika majimbo yenye sifa ya ufisadi. Rikhil Bhavnani na Alexander Lee wao walipima huduma zenyewe, wakakuta kinyume: wenyeji walileta huduma zaidi. Lakini faida hiyo ilionekana mahali ambapo watu wanasoma na habari zinafika, mahali ambapo ofisa anaweza kuulizwa hadharani. Tafiti hizi mbili hazikupima kitu kimoja, na India si Nyanza. Sitaki kujifanya kwamba zinamaliza ubishi.

Ila zinaeleza kitu ambacho wengi wetu tumekiona bila kukipa jina. Katika mipango ya kuwapa fedha wazee na familia zinazolea yatima, majina yaliyokusanywa kijijini huletwa mbele ya baraza na kusomwa kwa sauti kabla ya kupitishwa. Anayesoma anaweza kuwa mgeni, na ni vizuri akiwa mgeni, kwa sababu hajui jina lipi aliruke na lipi alisome haraka haraka. Chifu amekaa pembeni, kamba zake zote kumi zikiwa zimekaa mbele yake kwenye viti vya plastiki. Jina la kumi na moja linasomwa. Kimya kidogo. Kisha mama mmoja kutoka nyuma, bila kusimama, anauliza kwa Kidholuo kama huyo ndiye yule mwenye matatu mbili, na safari hii DO hahitaji kutafsiriwa, kwa sababu baraza zima linacheka na chifu anatazama viatu vyake.