Mwanao kapangiwa shule ya kata: anzia kwenye daftari la kidato cha pili

Kila mwisho wa mwaka, TAMISEMI ikishatoa majina ya waliochaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza, simu yangu haipumziki. Apige mzazi wa Uyole, wa Mbalizi au wa Tukuyu, swali ni lilelile: "Mwalimu, hii shule aliyopangiwa mwanangu ikoje?" Nimefundisha Hisabati sekondari, kisha nikafanya kazi ya uthibiti ubora wa shule huku Nyanda za Juu Kusini. Nikiulizwa swali hilo sianzi na majengo, na wala siulizi wangapi walipata daraja la kwanza. Naomba kuona daftari la Hisabati la mwanafunzi wa kidato cha pili, yule wa katikati, asiye wa kwanza wala wa mwisho darasani.

Shule nyingi za kata tulizo nazo zilijengwa baada ya 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, maarufu kama MMES. Wananchi walisomba mawe na mchanga, wakafyatua matofali, madarasa yakasimama haraka. Walimu walifika taratibu, na wa Hisabati na sayansi ndio waliochelewa kuliko wote. Ada ilipofutwa kuanzia Januari 2016, wanafunzi wakaongezeka. Kwa hiyo jengo zuri linakuonyesha tu kwamba fedha za ujenzi zilifika. Kama mwalimu aliingia darasani jana, ukuta hauwezi kukwambia.

Kabla ya kutia mguu shuleni, kaa na simu yako nusu saa ufungue matokeo ya kidato cha nne ya shule hiyo kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani, NECTA. Kuanzia matokeo ya 2022 Baraza liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, na mimi naona ni vizuri, maana ule msimamo wa shule kumi bora haukuwahi kumsaidia mzazi wa Iwambi kuijua shule ya Iwambi. Sasa ni juu yako kuusoma mkeka, yaani orodha ya matokeo ya shule, mwenyewe. Wazazi wengi huhesabu daraja la I, wakikuta mbili au tatu wanaguna na kufunga. Teremka mpaka chini kabisa. Kule kuna jedwali la masomo linaloonyesha, kwa kila somo, waliosajiliwa, waliofanya mtihani, waliofaulu na wastani wa alama za shule. Na wastani huo usomwe vizuri: A ni pointi 1 na F ni pointi 5, kwa hiyo namba ikiwa ndogo ndiyo heri. Nimekutana na wazazi waliofurahia 4.6.

Angalia kwanza Hisabati, somo namba 041. Kati ya 2021 na 2023 waliofaulu somo hili nchi nzima kwenye mtihani wa kidato cha nne walikuwa takriban kati ya moja ya tano na robo ya watahiniwa. Hicho ndicho kipimo cha kulinganishia. Shule ya kata ambayo theluthi ya watoto wake wanafaulu Hisabati ina mwalimu anayefanya kazi, hata kama daraja la I ni moja tu. Soma miaka mitatu mfululizo, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa wa bahati, au mwalimu aliyeuleta ufaulu huo ameshahamishwa.

Kisha linganisha Biolojia na Fizikia. Kwa mtaala ambao shule zimekuwa zikiutumia, Biolojia ni ya wote mpaka kidato cha nne, ilhali Fizikia na Kemia mwanafunzi huchagua kuendelea nazo au kuziacha akiingia kidato cha tatu. Tuseme waliofanya Biolojia ni 150 na waliofanya Fizikia ni 9. Sitaki kuamini kwamba watoto 141 wameikataa Fizikia kwa hiari yao. Hapo ama hakuna mwalimu, ama maabara ni chumba chenye meza tupu, ama shule inawaondoa watoto kwenye sayansi mapema ili wasiharibu matokeo. Binti yako akiwa na ndoto ya uuguzi au uhandisi, namba hiyo ina uzito kuliko kitu kingine chochote kwenye ukurasa ule.

Jambo la tatu karibu hakuna mzazi anayelifanya, nami nalisisitiza kuliko yote. Fungua matokeo ya upimaji wa kidato cha pili ya shule hiyohiyo, miaka miwili kabla ya matokeo ya kidato cha nne unayoyasoma. Ukisoma kidato cha nne cha 2024, fungua kidato cha pili cha 2022. Hesabu watoto wa wakati ule, kisha hesabu waliofika mwisho. Wachache kupungua ni kawaida: wengine wanahama, wengine wanarudia kidato cha pili. Lakini walioanza wakiwa 200 wakamaliza 120, wale 80 wako wapi? Angalia na safu ya jinsia, uone kama waliopotea ni wasichana au wavulana. Katika kata zinazolima viazi au mpunga, na kwenye vituo vya barabara kuu ya Zambia, wavulana huvutwa na vibarua na bodaboda. Wasichana hukatishwa na mimba, umbali na kazi za ndani mjini. Tangu Novemba 2021 mwanafunzi aliyeacha shule kwa mimba anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi. Muulize mkuu wa shule kama wapo waliorudi, uone anavyojibu. Shule inayojivunia ufaulu mkubwa huku thuluthi ya watoto wake imeyeyuka njiani, mimi siihesabu kuwa shule nzuri.

Sasa nenda shuleni. Usisubiri Januari. Mwanao akishafanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba anakaa nyumbani, na sekondari bado zinaendelea na masomo, kwa hiyo Oktoba ndiyo nafasi yako. Usiende siku ya mahafali. Siku hiyo hata mawe huwa yamepakwa chokaa. Nenda Jumanne au Jumatano, baada ya mapumziko ya saa nne. Piga hodi ofisini, saini kitabu cha wageni, salimia, useme shida yako bila kuzunguka: "Shikamoo Mkuu. Mwanangu amemaliza la saba, naishi kata hii, na huenda akapangiwa hapa. Nimekuja kuijua shule." Wakuu wengi hufurahi, maana wamezoea wazazi wanaokuja kugomba kuhusu michango tu.

Omba uonyeshwe daftari moja la Hisabati na moja la Biolojia, ya kidato cha pili. La Hisabati lifungue ukurasa kwa ukurasa. Tazama tarehe kwanza. Kama kuna zoezi la tarehe 4 na linalofuata ni la tarehe 25, wiki tatu za katikati zimekwenda wapi? Kisha tafuta kalamu nyekundu. Zipo tiki za kweli na zipo tiki za kupitisha: mstari mmoja mrefu umekatiza ukurasa mzima, saini chini, majibu yaliyokosewa yakiwa yameachwa yalivyo. Mwalimu anayesahihisha huonekana pale mtoto alipokosea, maana alama ya kosa inakaa kwenye hatua iliyopotoka, na chini yake pana neno "masahihisho" na swali limerudiwa kwa mkono wa mtoto. Nikiona masahihisho yamefanywa mara kwa mara, roho yangu inatulia. Ukimaliza, omba kitabu cha kiada cha Taasisi ya Elimu, fungua yaliyomo, ulinganishe mada zilizoorodheshwa na mada zilizomo kwenye daftari. Oktoba wakiwa bado nusu ya kitabu, upimaji wa Novemba utawakuta njiani.

Daftari la Biolojia litumie kwa jambo jingine. Watoto wetu wanasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha Januari moja wanakutana na masomo karibu yote kwa Kiingereza. Wengi hunyamaza darasani mwaka mzima wakinakili ubao. Mwombe mwenye daftari, kwa ruhusa ya mwalimu, akueleze kwa Kiswahili alichoandika ukurasa fulani. Akikueleza vizuri, hata kama Kiingereza chake kinachechemea, amefundishwa. Akikutazama tu huku mwandiko wake ni mzuri na michoro imepakwa rangi, amenakili. Muulize mkuu wanafanya nini na kidato cha kwanza katika wiki za mwanzo: kozi ya awali ya Kiingereza inafundishwa kwa ratiba na kwa mwalimu anayejulikana, au ni jina tu la wiki za kufyeka nyasi na kuchonga mifagio?

Ukiwa hapo ofisini, uliza nani anafundisha Hisabati kidato cha kwanza. Shule nyingi huwapa kidato cha nne walimu wao hodari kwa sababu ya matokeo, na kidato cha kwanza anaachiwa yeyote aliyebaki. Mkuu anayempeleka mwalimu wake mzuri kwa watoto wa kwanza anajua ufaulu unajengwa wapi. Uliza pia walimu wa kujitolea ni wangapi, na nani anawalipa. Sina ubaya na walimu hao. Wengi ni vijana wazuri waliomaliza chuo wakisubiri ajira. Ila somo likishikwa na mtu anayeweza kuondoka wiki yoyote, ni vema ukajua mapema.

Kila darasa lina daftari la vipindi linaloshikwa na monita. Mwalimu akifundisha anaandika mada na kusaini. Huwezi kulidai, lakini unaweza kuomba kuonyeshwa la wiki iliyopita. Visanduku vitupu vya mchana, baada ya saa saba, vinaeleza habari ya chakula.

Na chakula ni jambo zito. Shule hizi ni za kutwa, na mtoto anaweza kutoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi akarudi saa kumi jioni. Shule nyingi za kwetu hupika makande au ugali na maharage kwa michango ya wazazi, mahindi na maharage kwa debe, kuni na posho ya mpishi. Usiulize kama chakula kipo. Uliza wanaokula ni wangapi kati ya waliopo, na ambaye mzazi wake hajachangia anakuwa wapi wenzake wanapokula. Nimesikia majibu ya kila namna kwa swali hilo. Lililonigusa zaidi ni la shule moja ya Rungwe ambako mzazi asiye na mahindi anakubaliwa kuleta ndizi au kuja kukata kuni, na hakuna mtoto anayesimama pembeni.

Njia ipime kwa miguu yako. Mbeya ya Juni na Julai asubuhi ni baridi na giza, na mvua za Novemba mpaka Aprili zinageuza vijito kuwa mito. Daladala zipo, ila makonda huwakwepa wanafunzi kwa sababu nauli yao ni ndogo, na hapo ndipo lifti ya bodaboda inapoanza kwa wasichana. Ukiambiwa watoto wa mbali wamepanga geto karibu na shule, uliza nani mtu mzima anayewaangalia usiku. Kama hayupo, mimi ningemkataza mwanangu, hata shule iwe na ufaulu gani.

Vyoo nenda ukavione. Mwongozo wa serikali ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25, na pawe na maji. Na viboko, kwa sababu wazazi huona aibu kuuliza: kanuni zinasema visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Uliza kitabu hicho kipo wapi. Shule ambayo kila mwalimu anatembea na fimbo, watoto hawaulizi maswali darasani, na asiyeuliza Hisabati haielewi.

Kuna wazazi wanaopaswa kutazama mbele zaidi. Kwa mabadiliko ya mtaala yaliyoanza 2024, elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Walioanza darasa la kwanza 2021 watamaliza la saba 2027, na walioanza 2022 watamaliza la sita mwaka huohuo. Makundi hayo mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Kama mwanao yumo, uliza shule ya kata yako itaongeza vyumba vingapi, madawati mangapi na walimu wangapi. Mpelekee diwani swali hilohilo wakati halmashauri inapanga bajeti.

Ukishaona yote hayo na moyo ukakataa, uhamisho upo. Unapita kwa wakuu wa shule zote mbili na kwa Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri, na unategemea nafasi. Omba mapema, kabla mtoto hajazoea. Lakini ukikuta shule ina mkuu makini, madaftari yanasahihishwa, na pengo ni mwalimu mmoja wa Fizikia, ushauri wangu ni kubaki. Pengo hilo wazazi wanaweza kulizungumza na bodi ya shule. Kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi wa kidato cha kwanza, simama uulize nani anafundisha Hisabati, vipindi vingapi kwa wiki, na jaribio la kwanza ni lini. Andika tarehe hiyo kwenye simu yako, na ikipita, mwambie mwanao akuletee karatasi iliyosahihishwa.