Kabla hujasema mgonjwa amemeza vizuri, niambie umeona nini

Watu wengi hapa Moshi wakisikia nafanya tiba ya matamshi wanajua ni watoto wenye kigugumizi tu. Hao ninao, ila wanafunzi ninaowafundisha pati-taimu muda mwingi niko nao wodini kwa wagonjwa wa kiharusi, maana midomo, ulimi na koo la kuongelea ndo hilo hilo la kumezea, na chakula kikikosea njia kikaingia kwenye mapafu mtu anaweza akapata nimonia ikamuondoa kabisa.

Jibu ninalolipata sana ni hili: "Madam, amemeza vizuri, hajakohoa." Sawa, umeona nini? Wapo wagonjwa chakula kinaingia njia ya hewa na hawakohoi hata kidogo. Vidole vyako vilikuwa shingoni, kongomeo (kile kinundu cha kooni) lilipanda? Alivyosema "aaa" baada ya kumeza sauti ilikuwa kavu au ina majimaji? Umemfungua mdomo ukaangalia kama kuna uji umebaki shavuni upande uliopooza?

Halafu uji wenyewe. Mama katoka Kibosho na chupa ya chai yenye uji wa ulezi, mwanafunzi anaandika "uji mzito", mzito kiasi gani sasa? Kuna viwango vya kimataifa vya uzito wa vyakula na vinywaji, vinaitwa IDDSI, 0 mpaka 7, na vya vinywaji unapima na sirinji ya mili 10: toa kisukumio, ziba ncha na kidole, jaza mpaka 10, achia sekunde 10, soma kilichobaki. Chini ya mili 1 ni sawa na maji, 1 mpaka 4 kiwango cha 1, 4 mpaka 8 cha 2, ikizidi 8 na bado unadondoka ni cha 3. (Sirinji hazifanani, kati ya alama ya 0 na ya 10 inatakiwa milimita 61.5, pima na rula.) Na uji upimwe ukiwa na joto lile lile atakalonywea, maana ukipoa unakuwa mzito, alafu mate yanayeyusha wanga, kwa hiyo kijiko kilichotoka mdomoni kisirudi kikombeni, uji wote utalegea.

Nawabana hivi kwa sababu Afrika Mashariki tuko wachache mno, Makerere wenyewe wameanza kozi hii 2008, na anayehitimu anaweza akapangiwa mahali ambapo hakuna mwenzake wa kumuuliza. Jean Anderson, mtaalamu wa tiba hii wa Marekani, aliandika mwaka 1988 kwamba msimamizi aanze kwa kuelekeza, waje wafanye pamoja, mwisho mwanafunzi ajisimamie mwenyewe. Marekani wanadai masaa 400 ya kliniki, 25 kati yake ya kuangalia tu, na mi hayo ya kuangalia nayaheshimu sana.

Marekebisho tunafanya koridoni, sio mbele ya mgonjwa na ndugu zake, kisha anarudi kuandika upya kwenye faili: uji wa ulezi vuguvugu, sirinji imebaki mili 6, vijiko vitano, kongomeo linapanda, sauti kavu, shavu la kushoto lina mabaki. Hapo nesi wa zamu ya usiku anajua ampe nini na amkague wapi.