Je, wajua Regina aliyemshtaki Jomo Kenyatta ni nani?

Ukisoma kumbukumbu za kesi ya Kapenguria, ile iliyoanza mwishoni mwa 1952 dhidi ya Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba, utakuta anayeshtaki ametajwa kwa neno moja tu: Regina. Mwaka 1956 Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, naye akasimamishwa kizimbani Nyeri, na kwenye jalada lake yumo huyohuyo Regina. Asiyejua atadhani kulikuwa na mama wa jina hilo aliyekwenda polisi kuandikisha malalamiko.

Regina ni neno la Kilatini, maana yake malkia. Kwa sheria ya Kiingereza, kosa la jinai huhesabiwa kuwa amekosewa mtawala mwenyewe, kwa hiyo kesi hufunguliwa kwa jina lake. Akiwa mwanamume huandikwa Rex, yaani mfalme. Akiwa mwanamke, Regina. Mfalme George wa Sita alifariki usiku wa kuamkia 6 Februari 1952, na usiku huo binti yake Elizabeth alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti katika msitu wa Nyandarua, jirani na Nyeri. Tangu hapo kila kesi ya Rex ikawa ya Regina.

Jambo hili linanigusa kila ninapolikumbuka. Msitu aliokuwamo Elizabeth taji lilipomwangukia ndio huohuo Kimathi na wenzake walioingia kupigania ardhi yao. Mwaka 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma moto Treetops. Na Kimathi alipohukumiwa kifo, alihukumiwa Nyeri, kwa jina la malkia aliyeupata umalkia wake mwendo mfupi tu kutoka mahakamani hapo. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957.

Neno lenyewe ni la kale kuliko Uingereza. Linatoka kwenye rex, na rex ana undugu na kitenzi regere, kuongoza au kunyoosha. Ndugu yake mwingine tunamfahamu kwenye filamu za Kihindi: rani. Regina na rani ni watoto wa babu mmoja wa lugha, ila mmoja alielekea Ulaya na mwingine Bara Hindi. Malkia wetu hayumo katika ukoo huo. Yeye ametoka kwenye Kiarabu.

Roma, kwa masimulizi yao wenyewe, waliwafukuza wafalme mwaka 509 kabla ya Kristo, na tangu hapo kumwita mtu rex ilikuwa kama kumtukana. Mwanamke waliyemwita regina kwa uchungu zaidi alikuwa Mwafrika kwa makao, Kleopatra wa Misri. Cicero, mwanasiasa na msemaji mashuhuri wa Roma, alimwambia rafiki yake katika barua kwa maneno mawili tu, “Reginam odi”: namchukia malkia. Hata jina hakulitaja, kwani kila mtu alijua ni nani. Marcus Antonius, jemadari wa Roma aliyekuwa mpenzi wa Kleopatra, naye akatoa sarafu ya fedha yenye sura ya Kleopatra, ikimwita malkia wa wafalme. Neno moja, kwa huyu chuki, kwa yule sifa.

Kanisa Katoliki ndilo lililolisafisha likawa neno la upendo. Anayesali rozari hadi mwisho anaijua “Salamu Malkia, Mama mwenye huruma”. Hiyo kwa Kilatini ni Salve Regina. Wakati wa Pasaka, mahali pa sala ya Malaika wa Bwana, husaliwa “Malkia wa Mbingu, furahi, aleluya”, yaani Regina Caeli. Kwa njia hiyo ya Bikira Maria jina likaingia katika ubatizo, na leo Afrika Mashariki imejaa akina Regina na Rejina. Anayeandika Rejina hajakosea: Warumi wa kale walitamka g kama ya gari, lakini Kilatini cha kanisani hutamka j.

Kanada kuna mji mzima wa jina hili, makao makuu ya jimbo la Saskatchewan. Zamani paliitwa Rundo la Mifupa, kwa mifupa ya nyati iliyorundikwa hapo, hadi mwaka 1882 binti wa Malkia Victoria alipopabadilisha jina kwa heshima ya mama yake. Binafsi naona jina la mifupa lilieleza mengi zaidi kuhusu mahali penyewe.

Uingereza Regina alitoka mahakamani tarehe 8 Septemba 2022, Elizabeth alipofariki na Charles kurithi, Rex akarudi. Kenya alikuwa ametoka zamani, nchi ilipokuwa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Lakini ile herufi yake ya kwanza haikuondolewa. Majina ya kesi za jinai bado hufupishwa kwa R, na sasa R hiyo ni Republic, Jamhuri.