Bango la Kilimanjaro Likifika Dodoma: Kupeana zana za elimu ya tabianchi

Katika kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma niliwahi kukaa nyuma kwenye mkutano wa wakulima, bwana shamba akifunua kurasa za bango kitita mmoja baada ya mwingine. Lilikuwa bango zuri: karatasi nzito, michoro ya rangi, herufi kubwa zinazosomeka hata ukiwa mbali. Alipofika kwenye ukurasa wa kalenda, ulioelekeza wakulima kuandaa mbegu na kupanda mwezi Machi, mama mmoja akanyoosha mkono. "Bwana shamba, Machi tutapanda wapi, na shamba lote lina mtama?"

Kijana wa watu hakuwa na jibu, na kosa halikuwa lake. Bango lile alipewa na mwenzake wa Kilimanjaro waliyekutana naye kwenye semina. Alilipokea kwa mikono miwili, akasafiri nalo kwenye basi siku nzima, akalifundishia. Kule lilikochorwa, Machi ndiyo masika yanaanza. Dodoma hakuna masika ya namna hiyo.

Hili kila anayefundisha tabianchi nchini anapaswa kulijua kabla ya kugusa zana ya mwingine. Tanzania ina majira ya mvua ya aina mbili. Kuna maeneo yanayopata mvua mara mbili kwa mwaka, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei: Kilimanjaro, Arusha na Manyara, Tanga na pwani ya kaskazini, Dar es Salaam, Unguja na Pemba, pamoja na mikoa inayozunguka Ziwa Victoria. Na kuna maeneo yanayopata mvua mara moja, ile ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huiita mvua za Msimu, kuanzia Novemba hadi Aprili: Dodoma, Singida, Tabora, Katavi, Rukwa, Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma, Lindi na Mtwara. Kwa hiyo wakati mkulima wa Moshi anatafuta mbegu, wa Dodoma anafukuza ndege shambani. Ukurasa mmoja unaweza kuwa ukweli mtupu Moshi na upotoshaji Dodoma, bila herufi hata moja kubadilika.

Sisi tulio kwenye taasisi tumezoea kuhesabu nakala: mabango mangapi yamechapwa, yamefika wilaya ngapi, semina ilihudhuriwa na watu wangapi. Nakala zinahesabika kirahisi, ndiyo maana tunazipenda. Lakini walimu wa jamii ndio wanaosimama mbele ya watu: bwana shamba na bibi shamba, mwalimu wa klabu ya mazingira, mhudumu wa afya, mtangazaji wa redio jamii, imamu, mchungaji, kiongozi wa wavuvi. Ukimpa mmoja wao zana asiyoweza kuibadilisha, umempa mzigo. Zana inayosafiri inahitaji kubeba mambo matatu: ilitengenezwa kwa ajili ya wapi, lini, na ruhusa ya kuifanyia marekebisho.

Nianze na mahali, kwa sababu mahali si kalenda tu, ni maneno pia. Wengi wetu bado tunasema "mabadiliko ya hali ya hewa", kisha tunashangaa mzee akicheka. Hali ya hewa hubadilika kila siku: asubuhi jua, alasiri mvua. Tabianchi ni mwenendo wa hali ya hewa ya mahali ukitazamwa kwa miaka mingi, kwa kawaida 30. Mwaka mmoja wa ukame hautoshi kusema tabianchi imebadilika, na mwaka mmoja wa neema haukanushi. Tofauti hiyo ikieleweka, nusu ya ubishi mkutanini huisha. Ukipokea kijarida kutoka kwa mwenzako wa Kenya, unaweza kukuta kimeandika "hali ya anga" mahali ambapo wewe ungeandika "hali ya hewa". Usikitupe. Kaa na watu wawili watatu wa kijijini, mwandike orodha fupi ya maneno kama yanavyosemwa hapo, muibandike mwanzoni.

Neno linalotutesa kuliko yote ni "wastani". Utabiri wa msimu husema mvua zitakuwa za wastani, juu ya wastani au chini ya wastani. Msikilizaji akisikia "juu ya wastani" anawaza mafuriko, na akisikia "wastani" anadhani ni mvua haba. Kwa vipimo vya Mamlaka, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa mahali hapo. Tuseme eneo lenu kwa kawaida hupata milimita 300 katika vuli. Basi zikinyesha 225 ni za wastani, na zikinyesha 370 bado ni za wastani. Tena jumla hiyo haisemi zimenyesha vipi. Milimita 300 zinaweza kumwagika kwa siku chache na kuacha wiki tatu kavu mahindi yakiwa yanatoa mbelewele. Bango lolote linalotaja utabiri bila maelezo haya ni heri likae kabatini hadi liongezewe ukurasa.

Tarehe nayo. Elimu na taarifa huishi muda tofauti. Maelezo ya jinsi matuta ya kontua yanavyozuia mmomonyoko yanaweza kutumika miaka 10. Taarifa ya siku kumi ikishapita siku kumi imekwisha kazi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani yetu, ujumbe wa tahadhari ulikuwa unahitajika kila saa. Lakini picha ya tahadhari isiyo na tarehe inaweza kurudi kwenye simu mwaka mwingine, bahari ikiwa shwari, na wavuvi wakaacha kutoka bila sababu. Baya zaidi, wakizoea kudanganywa hivyo watapuuza tahadhari ya kweli. Kabla hujasambaza kwenye kundi la WhatsApp, tazama tarehe na aliyetoa. Kama havipo, usisambaze. Piga simu ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu nawe.

Kuhusu umbo la zana nitasema kidogo tu, ingawa hapa ndipo kazi nyingi nzuri hufia. Ramani ya utabiri yenye rangi ikipitishwa kwenye mashine ya fotokopi hutoka kijivu mtupu. Maeneo ya mvua nyingi na ya mvua haba hayatofautiani tena. Chora mistari na nukta badala ya kutegemea rangi. Faili kubwa humaliza bando la mtu kabla halijafunguka. Mwenye simu ya vitufe haoni picha yako, lakini sauti ya dakika tatu iliyowekwa kwenye kadi ya memori ataisikiliza akipalilia, na redio jamii inaweza kuirusha ilivyo.

Na ruhusa. Nimekutana na walimu wanaoficha marekebisho yao kama mtu aliyeharibu mali ya ofisi, kwa kuogopa haki miliki. Woga huo tumeuleta sisi watengenezaji kwa kutoandika lolote. Mwaka 2019 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo kuhusu rasilimali huria za elimu, yaani zile ambazo mtu anaruhusiwa kuzihifadhi, kuzitumia, kuzirekebisha, kuzichanganya na nyingine na kuzigawa. Ukiona alama ya CC BY, yaani leseni huria ya Creative Commons, kwenye kijarida, una ruhusa hiyo, mradi utaje aliyekitengeneza na useme umebadilisha nini. Kwetu inatosha hata sentensi moja ya Kiswahili kwenye jalada: "Nakili, rekebisha kulingana na eneo lako, taja chanzo."

Safari ya zana isiwe ya kwenda tu. Wakulima wa mwani wa Zanzibar, wengi wao akina mama, walianza kilimo hicho mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwani wa aina ya kotonii, wenye bei nzuri, ulipozidi kufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto, wao ndio waliokuwa wakiishika kamba ya kufungia mwani iliyobaki tupu. Maarifa ya kuhamia maji ya kina kirefu yamejengwa na watafiti pamoja nao. Wazee wa pwani wanaomsikiliza ndege dudumizi kabla ya mvua nao wana daftari lao, lipo kichwani, na linafaa kuandikwa pembeni ya utabiri ili vyote viwili vipimwe mvua ikishanyesha.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mradi. Kata juu chupa ya plastiki iliyonyooka ubavuni, kipande cha juu ukigeuze ukichomeke mdomoni kiwe faneli. Mimina zege kidogo hadi pale ubavu unapoanza kunyooka, sifuri ya rula ianzie hapo. Iweke mahali pa wazi, soma kila siku saa 3 asubuhi, muda uleule vituo vya hali ya hewa nchini husoma mvua. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba, hivyo mvua ya milimita 30 kwenye bati la mita 20 za mraba ni lita 600. Watoto wa klabu ya shule hulielewa hesabu hilo haraka kuliko bango lolote, na daftari lao la miaka mitatu linaweza kumsaidia mwalimu wa kijiji cha pili.

Yule bwana shamba wa Dodoma hakulirudisha bango. Wiki iliyofuata aliitisha wazee na yule mama mwenye mtama, wakabandika karatasi nyeupe juu ya ukurasa wa kalenda. Wakaandika kwa kalamu ya wino mzito: Novemba kuandaa shamba, Desemba kupanda, Machi kuwinga ndege. Wakaupiga picha ukurasa huo, wakamtumia mwenzake wa Kilimanjaro. Chini kabisa kuna jina la kijiji, tarehe, na maneno "kwa mvua za Msimu".